Mstari Uliokwepa Nyumba ya Mjomba

Mjomba wangu ni mhadhiri, na wanafunzi wake humwita Profesa Mtarajiwa. Jina hilo amelibeba tangu nikiwa sekondari, na dalili za kulitua hazionekani. Kitabu hajawahi kuandika. Anachoandika ni maombi ya ruzuku, zile ruzuku ndogo ambazo wafadhili huvipa vyuo ili mhadhiri achunguze jambo la sera na kuleta ripoti. Miaka ya malaria alikuwa mtaalamu wa malaria. Ilipokuja zamu ya kuwainua akina mama, akawa mtaalamu wa akina mama, ingawa nyumbani kwake hajui hata sukari inawekwa wapi. Sasa fedha ziko kwenye tabianchi, naye ana kofia na fulana za tabianchi, na amejifunza kutazama mawingu kwa huzuni mbele ya wageni.

Ripoti zake hazisomwi na mtu. Moja, nene kweli, inazuia mlango wa ofisi yake usijifunge kwa upepo. Yeye mwenyewe analijua hilo, na ndilo lililomharibu.

Alipopata ruzuku ya kuchunguza sera ya makazi ya mabondeni, alinichukua niwe msaidizi wake kwa sababu nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, na sijui kukataa. Eneo la utafiti alichagua mtaa wake mwenyewe, karibu na mto, asije akapata taabu ya kutoka. Nilipita nyumba kwa nyumba, nikipima alama ambazo maji ya mafuriko yaliziacha ukutani. Kisha nikachora ramani yenye mstari mwekundu, na ndani ya mstari zikawemo nyumba zote ambazo maji huzifikia.

Ya mjomba ilikuwemo. Alama yake iko nyuma ya kochi kubwa, chini ya rangi mpya.

Nilimpelekea ramani sebuleni. Aliitazama, akavua miwani.

"Huu mstari usogeze."

"Mjomba, maji yalifika kwenye soketi."

"Maji yalifika, utafiti haujafika. Unataka waseme mtaalamu wa tabianchi kajenga bondeni kama hawa?" Akaelekeza kidevu dirishani, kwa jirani yake, fundi seremala.

Mkewe, ambaye ni muuguzi, alikuwa akipiga pasi sare yake ya kazini. "Baba watoto, na yale matope niliyoyazoa kwa beseni, yalikuwa matope au utafiti?"

Mjomba alijifanya hakusikia, fani pekee ambayo kwa kweli amebobea. Alivuta kompyuta akausogeza mstari mwenyewe. Ulikuja ukifuata mto vizuri, ukafika kwake, ukazunguka uzio kama mtu anayekwepa dimbwi asichafue viatu, kisha ukaendelea na safari.

Siku ya kuwasilisha matokeo, wakazi walikusanywa kwenye ukumbi wa shule. Mjomba aliwaeleza kwamba tatizo lao kubwa ni uelewa mdogo. "Mtu mwenye akili hajengi kwenye njia ya maji," alisema, uso mkavu kabisa.

Fundi seremala aliinua mkono. "Daktari, naomba kuuliza. Maji yakifika kwako, huwa yanabisha hodi kwanza?"

Watu walicheka hadi viti vikalia.

"Ndugu yangu, hayo ni mambo ya kitaalamu. Utaelewa ukisoma ripoti."

"Basi tutaisoma."

Mjomba alitabasamu, akijua hakuna atakayesoma. Lakini kule halmashauri kulikuwa na afisa mipango miji mpya, dada ambaye alikuwa bado hajazoea kupuuza makaratasi. Aliisoma ripoti yote, na ramani akaitazama. Kabla ya mvua nyingine, tangazo likabandikwa: wote walio ndani ya mstari mwekundu watapewa viwanja kule mlimani na vifaa vya kujengea. Walio nje ya mstari wako salama, kwa mujibu wa utafiti wa chuo kikuu.

Mjomba alikuja nyumbani kwetu siku hiyo hiyo. Mama, ambaye ni dada yake, alimwekea chai, lakini hakuigusa. Alinigeukia mimi.

"Mpwa wangu, tuandike tu kwamba msaidizi wa utafiti alikosea kuchora. Wewe bado mdogo, hutapungukiwa na kitu."

Nilitazama mkeka.

"Msaidizi yupi, mjomba?"

"Si ni wewe!"

"Kwenye ripoti umeandika kazi yote umeifanya peke yako. Jina langu halimo, hata kwenye shukrani."

Mama akamsogezea kikombe. "Kunywa, kaka, inapoa."

Fundi seremala alihama na mbao zake, milango yake na kuku wake. Akipita mbele ya uzio wa mjomba alipunga mkono kutoka juu ya lori. "Daktari, mto tunakuachia wewe." Mvua zilipoanza, mke wa mjomba alipandisha kochi juu ya matofali, akachukua watoto akaenda kwa dada yake. Alisema atarudi mumewe akipata kiwanja au aibu, chochote kitakachotangulia.

Hajapata hata kimoja. Alichopata ni tangazo la ruzuku nyingine, na ameshaandika maombi: kaya zilizosahauliwa na sera za tabianchi. Eneo la utafiti ni sebule yake.

Jana alinipigia simu. Nyuma ya sauti yake nilisikia mvua ikipiga bati, na kitu kama ndoo kikielea na kugonga ukuta.

"Njoo na buti," alisema. "Safari hii jina lako litakuwemo."

Nilimwambia aanze tu bila mimi, mstari anajua kuuchora.