Njia ya Upana wa Baiskeli Mbili

Ningekuwa nimekataa siku ile, wiki hii ningekuwa nawaandikia habari nyingine. Kikao chenyewe kilikuwa kifupi. Kamati ya mtaa wetu, ambayo mimi ni mjumbe wake, iliombwa ikubali ile njia ya udongo iliyo kando ya barabara, ukiingia Kyela mjini kutoka upande wa Ngonga, igeuzwe kuwa mahali pa vibanda na maegesho ya malori yanayopakia mpunga na kakao. Njia ile hakuna aliyeijenga. Ilichongwa na nyayo na matairi ya baiskeli tangu enzi za baba zetu. Mwenyekiti akanigeukia, maana katika meza nzima ni mimi peke yangu niliyekuja kwa baiskeli. "Mzee wetu, unasemaje?" Kabla sijajibu, mfanyabiashara mmoja akadakia, "Mzee naye anangoja tu mwanawe amletee pikipiki, baiskeli awaachie kuku wailalie." Wakacheka. Nikacheka nao. Kisha nikanyoosha mkono pamoja nao, kwa kuwa sikutaka kuonekana mzee wa baiskeli anayezuia maendeleo ya watu.

Jumanne iliyopita mtu niliyeendesha naye baiskeli kwenye njia hiyo kwa sehemu kubwa ya maisha yetu aligongwa na lori mbele ya vibanda hivyo, akafa kabla hajafikishwa hospitali. Sitamtaja jina. Wasomaji wa hapa wanamjua: fundi cherehani wa sokoni, mrefu, shati limefungwa vifungo hadi kooni, aliyeingia mjini kila asubuhi na vitambaa vya wateja vimefungwa kwenye keria kwa mpira wa tyubu. Msiomjua chukueni kwamba alikuwa mdogo wangu kwa miaka michache, na kwamba macho ninayotumia kuandika safu hii kwa kiasi kikubwa ni yake.

Alikuwa akisema, "Wenye magari wanafika mjini, kaka. Sisi tunaingia." Na kweli tuliingia, taratibu, bega kwa bega, tukianza na harufu ya kakao inayochachuka chini ya majani ya migomba, tukipita turubai za mpunga ulioanikwa na akina mama wanaofukuza kuku, hadi kwenye moshi wa maandazi pale sokoni. Yeye aliusoma mji kwa nguo alizozishona. Tungempita mtu anapalilia kando ya barabara, naye angesema, "Suruali ile niliishona ya harusi. Itazame sasa, imeshika jembe." Au tungekutana na kitoto kinapelekwa shule: "Gauni hilo lilianza Krismasi kwa dada yake mkubwa. Limefika kwa mtoto wa tatu, na pindo langu halijafumuka." Alijua nani kanenepa, nani kakonda kwa maradhi, nani kaacha kushonesha nguo za mume na mke. Masika yalipojaza maji mashimo yote, alivua viatu akavitundika kwenye usukani, akaendelea kuniambia habari za mji kana kwamba yuko sebuleni.

Tulichelewa mara nyingi, na sababu ilikuwa moja. Huku kwetu mtu hamsalimii mkubwa wake akiwa amekaa juu ya baiskeli. Anashuka, anavua kofia, anainama kidogo, ndipo anasema, "Mugonile." Mkubwa anaitikia, anauliza nyumbani, anauliza mvua, anashukuru kwa "ndaga," ndipo safari inaendelea. Mtumishi mmoja aliyehamishiwa hapa kutoka mkoa mwingine aliwahi kutucheka. "Nyinyi mkitoka asubuhi mnafika jioni kwa salamu." Fundi akamjibu kwa upole, "Na wewe unayewahi, bosi, ukifika unamkuta nani?" Baada ya muda tulimwona yule bwana naye anashuka kusalimu. Njia ile ya udongo ilitufaa kwa hilo. Ilikuwa na upana wa baiskeli mbili. Unashuka, unasimama, unasalimu, na lori linapita zake kwenye lami bila kukugusa.

Vibanda vilipojengwa, fundi alikuja nyumbani kwangu. Alikaa kwenye benchi ya barazani, akakataa chai, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Kaka, wanasema siku ya kikao ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Ukasema nini?"

"Sikusema kitu. Nilinyoosha mkono."

Aliutazama mkono wangu kwa muda. "Basi umechoka usukani, huo," akasema, akacheka, na kicheko chake kiliniuma kuliko tusi. Mwanangu alikuwa ameshaniletea pikipiki. Fundi aliendelea kupita palepale kwa baiskeli, sasa juu ya lami, akipigiwa honi na kutukanwa na watu wanaoweza kuwa wajukuu zake. "Mzee, kaendeshee shambani!" Nilimsihi angalau aache kushuka anapokutana na wakubwa, apunge mkono tu apite, maana hapakuwa tena na mahali pa kusimama. Akaniambia, "Nikikusalimu nimekaa, wanangu watamsalimu nani wamesimama?"

Sasa sikilizeni yaliyosemwa msibani. Tumeketi migombani, wanawake wanalia, mwenyekiti wetu akasimama na kipaza sauti na kutuambia kwamba ajali haina kinga. Niliona watu wanatikisa vichwa kukubali, nikatamani kumnyang'anya kile kipaza sauti. Kinga ilikuwepo. Ilikuwa ya udongo, na tuliigawa sisi, mchana, kwa kunyoosha mikono, mwenyekiti huyohuyo akiwa ameketi mbele yetu. Akafuata mwingine kuwaasa waendesha baiskeli wawe waangalifu, kana kwamba marehemu ndiye aliyeligonga lori. Wa tatu, mtu mzima na akili zake, alininong'oneza kwamba umri ule si wa baiskeli, angekaa nyumbani. Akae nyumbani ale nini? Dereva anashikiliwa, na sheria ifanye kazi yake. Lakini dereva hakuwa mjumbe wa kamati yetu.

Nimekasirika, na sina haja ya kuwaficha wasomaji wangu. Nakasirika kwamba katika mji tambarare kama huu, uliolishwa na baiskeli, uliopelekwa kliniki, sokoni na kanisani kwa baiskeli, tumefundishana kumwona anayeziendesha kuwa ni mtu aliyeshindwa maisha. Mkungu wa ndizi tunaokula umeletwa kwenye keria. Mama aliyebanwa na uchungu amewahi kubebwa kwenye keria hiyohiyo. Lakini tunapogawa ardhi ya mji tunaanza na lori, kisha kibanda, kisha gari la mkubwa, na anayekanyaga pedali tunamwachia mstari mweupe pembeni mwa lami auchezee kama mwanasarakasi. Mahali ambapo mtu hawezi kusimama akamsalimu mwenzake pameacha kuwa mji, hata tukipaita hivyo kwenye vibao.

Kamati inakutana tena mwezi ujao. Nitakwenda kwa baiskeli. Nimeshaitoa bandani na kuitia upepo. Nitadai vibanda vihamishwe na njia irudi, na wakitaka kucheka, safari hii watacheka peke yao. Najua kwamba nimechelewa. Somo nililolipata ni dogo na linafaa kwa mjumbe yeyote wa kikao chochote: ukiona unacheka kwa jambo lisilokuchekesha, shusha mkono.

Limebaki jambo moja ambalo msibani sikuthubutu kulisema. Jumanne ile nilikuwa nimesimama mlangoni mwa kibanda kimojawapo, nanunua sabuni. Fundi aliniona kutoka mbali, akapiga kengele. Alipofika usawa wangu akashuka, akavua kofia, akainama. Lori lilimkuta amesimama juu ya lami, ananisalimu mimi, na nilikuwa bado sijaitikia.