Gari la Baridi Lililompeleka Paskazia Kishanda

Sababu ya safari yetu ilikuwa dada yangu Paskazia, aliyekuwa anaolewa Kishanda, na gauni lake jeupe. Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza, kahawa ikiwa na bei nzuri, na Tata, yaani baba yetu, alikuwa amenunua gari la Kimarekani kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa na mashine ya baridi. Tungefunga vioo vyote, vumbi lisimguse bibi arusi, na bado tusipikike humo ndani.

Saa moja asubuhi tuliondoka Ijuganyondo, wanne garini. Padri alikuwa ametuonya kwamba misa ni saa tano kamili, akimaliza anakwenda kigango kingine. Shangazi Koku alijifunika kanga mbili kwa baridi, nasi tukamcheka mpaka machozi.

Karibu na Kemondo tulikuta ng'ombe barabarani. Tata aliposimama, gari likatetemeka kama mtu mwenye homa, maua yakamruka Paskazia mikononi. Tata akazima baridi, likatulia. Akaiwasha, likatetemeka tena hadi injini ikazimika. Shangazi hakucheka tena. Alisema gari linalokataa kumpeleka bibi arusi lina neno, turudi nyumbani. Paskazia akaanza kulia.

Mbele kidogo palikuwa na mashine ya kukobolea kahawa. Fundi wake, Athumani, mzaliwa wa Bukoba mjini, alikuja akifuta mikono. Tata alimweleza kwamba mashine ya baridi imeharibika. Fundi hata hakuigusa. Aliwasha injini, akavaa glavu nene, akawa anachomoa waya wa plagi, zile zinazotoa cheche ya kuwasha petroli, na kuurudisha, mmoja mmoja. Kila waya ulipotoka, injini ililegea. Alipouchomoa wa tano, hakuna kilichobadilika.

"Mzee, hii plagi haifanyi kazi tangu zamani," alisema. "Wenzake wanaibeba. Gari likienda kasi, hamjui. Likisimama, nguvu ni kidogo, na pampu ya baridi inavutwa na injini hiyo hiyo. Hapo ndipo wanashindwa."

Aliifungua, nyeusi ti kwa masizi, akaikwangua kwa kisu, akaiosha kwa petroli, akairudisha. Baridi ikawashwa, gari likanguruma bila kutetemeka. Shangazi aliweka kiganja juu ya boneti, akangoja.

"Haya waitu, jamaa zangu, twende," alisema.

Muleba tulipita saa nne, tukiimba. Kishanda tulimkuta padri anavaa kanzu yake, na Paskazia akashuka mweupe kama alivyopanda. Baada ya misa wakwe walipanga foleni kuketi garini, watano watano. Baba mkwe alitoka humo akiomba blanketi, harusi nzima ikavunjika mbavu.

Jioni tulirudi watatu. Tangu siku hiyo, anayeniuliza kwa nini gari hutetemeka baridi ikiwashwa, namwambia asiilaumu baridi kabla hajatazama plagi. Nilichojifunza zaidi nilikijua kesho yake asubuhi, nilipokwenda kisimani peke yangu na mitungi miwili, wangu na ule aliokuwa akiubeba Paskazia.