Boriti Iliyolala Katikati ya Chumba cha Bi Harusi

Harufu ya nyasi zilizokatwa asubuhi, kabla jua halijazikausha, ikinifikia mpaka leo naona nyumba inatembea. Usicheke kwanza. Nilikuwa msichana wa miaka saba hivi, mama amenipeleka kijiji cha Lobule kununua simsim, ndio ufuta, na simsim yenyewe hatukununua kwa sababu yule muuzaji alikuwa na kibaba ambacho tako lake limepandishwa ndani, lakini hayo tuyaache. Tukiwa njiani tukaona paa zima la nyasi linavuka shamba la muhogo, na lina miguu. Miguu mingi, mingine mirefu, mingine ya matege. Kule paa la nyumba ya mviringo hufungwa chini, likiisha wanaume huingia ndani yake, wakalinyanyua kwa mikono na vichwa, wakalipeleka kulikalisha juu ya ukuta. Humo ndani walikuwa wanaimba na kutaniana kwa Kiswahili cha kule, kisichotofautisha mimi na wewe, sauti zinatoka kwenye nyasi kama nyuki mzingani. "Wewe ya mbele, natembea kama mutu ya mimba." "Na wewe ya nyuma, nasukuma ama nalala?" Lilipokaa ukutani, akatoka chini yake kijana mrefu, nyasi zimejaa nywele, anacheka peke yake. Jina lake Lemi, fundi wa mbao, na nyumba ile alikuwa anamjengea mama yake.

Sikujua kwamba nitamwona tena. Ila mwezi huu mjukuu wangu Swaibu, mwenye nyumba yake Arua, amenitia hamu ya kusema. Watoto wamekuwa wengi, anataka kufanya chumba juu, chini ya mabati, na mbao za paa zinamzuia. Akaniuliza, "Bibi, nikikata hizi mbili tu, kuna ubaya?" Mimi shule niliiacha darasa la tatu, lakini kwa swali hilo moja niulize mimi, usiende mbali.

Miaka miwili baada ya ile safari ya Lobule, shangazi yangu Zainabu alichumbiwa. Kwetu Koboko, kwa sisi watoto wa askari wa zamani, bi harusi huwekwa ndani majuma kadhaa. Anafukizwa moshi wa miti yenye manukato, anasuguliwa mpaka ngozi inang'aa, na mwanamume yeyote asimwone hadi siku yenyewe. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali ya udongo, yenye mabati, na vyumba viwili tu, na wageni walikuwa wameanza kuwasili na kuku wao. Amu Ramadhani, mdogo wake baba, sajini aliyekuwa likizo, akasema chumba cha bi harusi kitajengwa juu. Bibi yangu akafurahi sana hata akampa Amu paja la kuku mbele ya wageni. Akaitwa fundi, na aliyekuja na baiskeli yake ni yule yule Lemi wa miguu chini ya nyasi. Nilimjua kwa kicheko.

Akapiga sakafu ya mbao chini kidogo ya paa, mtu aweze kusimama. Lakini nyumba ilikuwa na boriti tatu zilizopita juu kutoka ukuta hadi ukuta, na ile ya katikati ikaja kukata chumba vipande viwili, usawa wa kifua. Zainabu akitaka kwenda upande wa pili anainama kama mbuzi anayepita chini ya uzio. Bibi akasema bi harusi hainamishwi.

Amu akapanda, akaipiga boriti kofi. "Fundi, kata hii."

"Afande, hii hapana kata."

"Iko beba nini? Angalia juu yake, hakuna kitu. Iko lala tu kama mulevi."

"Haibebi, afande. Iko vuta. Paa nasukuma ukuta huku na huku, hii nashika zote mbili."

"Iko na mikono?" Wanawake wakacheka, na Amu alipenda sana kuchekewa. "Nyumba ya mama yako kule Lobule, iko na mti ya kupita katikati?"

"Hapana."

"Imeanguka?"

"Hapana."

"Basi."

Hapo sote tukaona Lemi ameshindwa, maana kila mtu aliyekuwepo amezaliwa katika nyumba ya nyasi, na nani amewahi kuona boriti humo? Lakini Lemi akasema polepole, "Afande, kwa mama kuna mshipi. Fito zimezunguka chini ya paa yote, zimefungwa na kamba. Wewe nainama mlangoni, huoni. Kata ile mshipi, paa nafunguka kama mwavuli. Hapa mshipi ni hii boriti. Mti ya paa natoka, ndiyo, lakini ingine ishike kazi kwanza."

Amu akasema mbao haimfundishi sajini. Lemi akaomba uzi mwekundu kati ya nyuzi za Bibi za kusukia vikapu, akaufunga msumari hadi msumari, ukuta huu na ule, ukiwa umelegea na tumbo limeshuka. Akamwambia Zainabu, uso kaugeuzia ukutani asimwone, "Dada, hii ikinyooka, toka." Kisha akapanda baiskeli kwenda kutafuta mbao nyingine. Bibi akamuuliza uzi wa nini na boriti haijakatwa? Akajibu, "Mama, mimi naona sajini."

Kesho yake asubuhi msumeno ukalia. Amu aliikata boriti katikati, vipande akavitupa uani, na kweli hakuna kilichotokea. Alitembea huko juu mikono nyuma kama anakagua gwaride. Zainabu akazunguka chumba chake bila kuinama, akicheza, nami nikicheza nyuma yake. Lakini jua lilipopanda mabati yakaanza kuguna. Nikautazama uzi. Tumbo lake limepungua. Adhuhuri lilikuwa kama tabasamu tu. Wenzetu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tuliutengeneza wenyewe kwa msumeno, nao ukaanza pembeni mwa dirisha, mwembamba kama unywele, unapanda.

"Mama," Zainabu akaita, "uzi umenyooka."

"Usishuke, wanaume wako chini."

"Mama, afadhali nionekane mzima kuliko nifichwe maiti."

Amu alikuwa nje anausukuma ukuta kwa mgongo, jasho linamtoka, lakini ukuta haujui cheo. Hapo Lemi akafika na mbao zake. Aliomba kamba ya lori kwa jirani, akapanda nayo juu, akaipitisha mara mbili kutoka mguu wa paa wa ukuta huu hadi wa ukuta ule, akachukua mchi wa kinu cha Bibi, akauingiza katikati ya kamba mbili na kuanza kusokota. "Mshipi," akasema, "leteni mikono." Wakaja majirani, wageni, wanawake wenye unga mikononi. Kamba ikalia, mabati yakalia, mtu akaanzisha wimbo, na mimi nikasikia ule wimbo wa Lobule, paa lenye miguu. Nilikuwa nikipiga kelele: uzi unalegea, uzi unalegea! Tumbo likashuka tena. Kwenye mchi kulikuwa na mikono minane, na miwili ilinukia manukato. Mpaka leo hakuna aliyesema ilikuwa ya nani. Wakwe walipouliza kama bi harusi ameonekana, Bibi alijibu, "Zainabu? Huyo hata jua halimjui." Malengelenge ya viganja yakafunikwa na hina.

Lemi aliweka boriti mpya huku kamba imeshika, kisha ndipo akaifungua. Zainabu aliinama mpaka siku ya harusi, na alipendeza.

Siku hizi Swaibu ana simu yenye taa, na mafundi wana kipimo chenye maji cha kuonyesha usawa. Vizuri. Lakini nyumba inatengenezwa na watu watatu, jirani anachungulia juu ya ukuta wake na kurudi ndani. Zamani nyumba ilikuwa na miguu yetu sote. Nilimwambia aite mtu anayejua hesabu ya paa, na mbao ya kwanza isitoke kabla ya nyingine kushika. Halafu nikapanda ngazi, na goti hili, nikamfungia uzi mwekundu.

Nilitaka kuishia hapo, lakini nimemsahau Amu. Tangu siku ile ya kamba aliona haya, ngazi ya chumba kile hakuipanda tena. Asubuhi baada ya harusi, likizo yake bado haijaisha, akatoka amevaa sare. Lemi alikuwa uani anapanga mbao zilizobaki. Amu akasimama mbele yake, akapiga saluti. Lemi akainua mkono, nyundo imo ndani yake. Amu akabeba sanduku lake la bati, akashika barabara ya Arua bila kugeuka, na kwetu Koboko hakurudi tena.