Kupanda Mbizi kwa Landrova ya Baba

Tangu arobaini ya baba, mimi na kaka yangu tulikuwa hatusemezani. Baba alikuwa dereva wa misheni karibu maisha yake yote, na alipostaafu mapadri walimwachia landrova kuukuu aliyokuwa akiwapeleka nayo kwenye parokia za Chala na Kate. Hakuacha maandishi yoyote. Msiba haujaisha, kaka akachukua ufunguo, akautia mfukoni, ikawa ndiyo basi. Yeye alisema ni mtoto wa kiume. Mimi nilisema ndimi niliyefundishwa na baba kuendesha, na ndimi niliyemwendesha macho yake yalipoanza kufifia, wakati kaka yuko Mbeya anauza mitumba.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara binafsi zilipofunguliwa. Watu ambao juzi tu walipanga foleni ya sukari walikuwa sasa na pikapu, na Sumbawanga nzima ilizungumzia magari. Wafanyabiashara wachache wakaanzisha shindano la kupanda na gari kilima kimoja upande wa Milima ya Mbizi, ukishapita Mollo. Magari yangepanda moja moja, na atakayetumia muda mfupi kufika juu ndiye mshindi. Zawadi ilikuwa pipa la petroli, na mwenye leseni yeyote aliruhusiwa.

Kaka alijiandikisha siku ya kwanza. Niliposikia, nikaenda na leseni yangu, na penye namba ya gari nikaandika namba ya landrova ileile. Sikuwa na hamu ya mashindano. Nilitaka tu asijidai nayo peke yake mbele za watu.

Alikwenda kulalamika kwa mama. Mama akamwita baba mdogo, naye akaamua jambo ambalo nadhani alilijutia baadaye: kila mmoja wetu apande mara moja, kaka kwanza, mimi nifuate, halafu tusimsumbue tena.

Siku yenyewe kulikuwa na baridi kali ya mwezi wa saba, na upepo ulitupiga vumbi la mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Tulikwenda gari moja kwa kuwa hapakuwa na lingine, kaka kwenye usukani, mimi na baba mdogo pembeni. Tangu nianze kusema, sikuwahi kukutana na kaka asubuhi bila kumwamkia shikamoo, hata tulipokuwa hatusemezani. Asubuhi hiyo sikumwamkia.

"Siku hizi husalimii?" akauliza.

"Nipe ufunguo nitakusalimia."

Baba mdogo alitazama nje mpaka tukafika.

Msimamizi alikuwa mwenye duka la vipuri, amevaa koti la ngozi. Alipoona jina langu hakuniuliza mimi, alimwuliza kaka kama mkewe naye ataendesha. Kaka akasema huyu ni dada yake, na kwamba mambo yangu hayamhusu. Mwenye duka akatangaza kwa sauti kwamba mwanamke akipindua gari pale, shindano litafungwa na polisi, kwa hiyo niende kwanza hadi kona ya kwanza na kurudi ili wajiridhishe. Hakuna mwanamume aliyedaiwa hivyo. Nilikwenda. Nilirudi kinyumenyume bila kugusa mtaro, na waliokuwa wakicheka wakahamia kumcheka mwingine.

Juu ya kilima alisimama mwalimu mstaafu wa michezo na saa yake ya mkononi. Kutoka pale aliona bendera ya kuanzia ikishushwa huku chini, akaibonyeza saa. Kaka alipanda vibaya. Nilimsikia akiilazimisha gia ya pili kona zote, injini inalia, na moyoni niliomba izimike. Haikuzimika. Alitumia dakika tatu na sekunde kumi na mbili. Alipoirudisha, mvuke ulitoka chini ya boneti. Akashuka, akaacha ufunguo, akaondoka bila kunitazama.

Rejeta ilikuwa karibu kukauka. Nilimwomba yule wa koti la ngozi maji kutoka kwenye pipa lao, akanijibu kwamba maji yale ni ya madereva. Nilisimama pale na karatasi ya namba kifuani. Aliyenisaidia ni mfugaji mmoja, mtu wa kutoka Usukuma, aliyezuiwa pamoja na ng'ombe wake kandokando ya barabara tangu asubuhi. Alinipa dumu lake na kuniambia nifanye haraka, mifugo yake ina kiu na sisi tunachezea barabara. Hakuna aliyenipenda siku ile, lakini huyu angalau alinipa maji.

Bendera ikashuka. Nilianza na gia ya kwanza, nikaingiza ya pili mapema, na kona mbili nilizipita vizuri, kokoto zikiruka nyuma. Kona ya tatu ndiyo iliyokuwa kali. Baba alinifundisha kushusha gia kabla ya kona, si ndani yake, na nilikuwa nimejiandaa. Lakini kaka alikuwa ametembea mpaka pale, amesimama juu ya ukingo, mikono kifuani. Nilimtazama. Nilipokumbuka gia, nilikuwa tayari ndani ya kona. Gia ikasaga, landrova ikatetemeka na karibu irudi nyuma, watu wakashangilia. Nikakanyaga mafuta mpaka mwisho, ikapanda.

Mwalimu alisoma dakika tatu na sekunde kumi na nne.

Nikamwambia kila aliyekuwa karibu kwamba gia ilitoka yenyewe. Haikutoka. Nilichelewa mwenyewe, na nilichelewa kwa sababu nilitaka kaka anione. Lakini nililirudia neno hilo mara tatu, mpaka kaka akafika.

"Gia ya gari hili haijawahi kutoka," akasema. "Baba alikupenda kwa kuwa ulimbebea mkoba wa dawa alipougua, si kwa kuwa unajua kuendesha."

"Wewe hata mkoba hukubeba."

Alinyanyua mkono. Baba mdogo, aliyekuwa amemfuata nyuma, akaudaka, akamvuta hadi kwenye gari, na watu wakasogea kutazama, wengi zaidi kuliko waliotazama gari lolote siku ile.

Aliyeshinda alikuja na pikapu kutoka Namanyere. Kaka alikuwa wa saba, mimi wa nane. Nilikataa kupanda nao kurudi. Nilishuka kwa miguu hadi Mollo, nikapewa nafasi kwenye trela la trekta juu ya magunia ya mahindi. Kesho yake mama alituita wote kula kwake. Kaka alikwenda, mimi nikapika ugali wa ulezi kwangu na kufunga mlango.

Kabla mwezi haujaisha kaka aliipeleka landrova Mbeya akaiuza bila kumwambia mtu. Mama alilia. Mimi sikulia, maana nilikuwa na hasira mno, na hasira ile ilinikaa miaka miwili, hadi harusi ya binti wa baba mdogo, walipotukalisha benchi moja na kaka akaniuliza kama kulikuwa na nafasi ya kusogea. Nikasogea kidogo.