Wa Tisa

Mwanangu alizaliwa na mgongo wazi. Juu kidogo ya matako palikuwa na uvimbe laini, kama yai lililomenywa. Nikamwangalia, machozi hayakuja.

Mama mkwe hakumshika. Kila aliyekuja kutupa pole pale kijijini Mofu aliambiwa, "Kwetu haya hayajawahi kutokea. Ametuletea huyu binti." Mume wangu anachokonoa meno tu. Wakakubaliana kidonda cha upasuaji wa mgongo wa mtoto kikipona nirudishwe kwetu Katindiuka na mtoto wangu. Haya. Nikaanza kukunja khanga.

Siku ya kliniki, Ifakara, mama mkwe alitusindikiza ili asikie mwenyewe kosa langu. Daktari, mama wa makamo, akachukua karatasi achore ukoo: wanawake viduara, wanaume viboksi.

"Shikamoo mama. Umezaa mara ngapi?"

"Marahaba. Nane."

"Pamoja na waliokufa?"

"Nane, nimekwambia."

Kwetu mtoto akifa kabla ya kutolewa nje mara ya kwanza hahesabiwi. Wanawake wanamzika nyuma ya nyumba, hakuna matanga, na siku ya pili mnarudi shambani. Daktari alilijua hilo.

"Hata wa kabla ya kutolewa nje, mama. Hapa nawahesabu wote."

Mama mkwe akashusha sauti. "Tisa."

"Huyo wa tisa alikuwa na nini?"

Mama mkwe alipeleka mkono nyuma, akagusa kiuno chake mwenyewe, pale pale.

Daktari akachora alama ya tisa, akaikata kwa mstari. Akasema uti wa mgongo hufunga mwezi wa kwanza wa mimba, mama mwenyewe hajajua kama ana mimba. Mwezi huo mimi nilikuwa juu ya dungu, nagonga debe kufukuza ndege kwenye mpunga. Akasema tatizo linaweza kupitia damu ya upande wowote, na lishe nayo inachangia, hakuna aliyelileta. Mimba nyingine nianze vidonge vya foliki kabla ya kuitafuta.

Tulikaa nje kwenye benchi kusubiri dawa. Nilitaka kumchukia mama mkwe, nguvu sikuwa nazo.

"Yule wa tisa waliniambia nisimnyonyeshe," akasema, hanitazami. "Nikawasikiliza. Alilia siku mbili."

Habari ya Katindiuka haikutajwa tena, siku ile wala baadaye.

Mtoto akaanza kulia. Mama mkwe akamtoa mgongoni kwangu, mara ya kwanza kumshika, akamweka mapajani mwangu.

"Mpe ziwa, mwanangu. Mpe upesi."