Nafasi ya Mwenye Wimbo

Juzi nilipita mahali wanapotengeneza makochi kando ya Ngong Road, na harufu ya gundi ikanisimamisha. Si harufu nzuri. Inakwaruza koo, inachoma macho, na ukiikalia sana kichwa kinakuwa chepesi. Lakini nilisimama pale nikaivuta mara mbili, tatu, mpaka fundi mmoja akaniuliza, "Madam, unatafuta sofa ya watu wangapi?" Nikamwambia nitarudi. Ningemwelezaje kwamba kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya gitaa?

Nilikuwa na miaka kumi mama alipokwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani. Kabla ya hapo alikuwa akishona vitambaa vya makochi, na aliyempa kazi nyingi zaidi alikuwa fundi mmoja wa mtaa wa Kongo, kule Kawangware, mzee kutoka Machakos aliyeitwa Mutinda. Watu wote walimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kushika chaki. Ujanani alipiga gitaa la jazi katika hoteli za mjini, akiwa nyuma ya waimbaji, mpaka hoteli zikaacha kuajiri bendi, naye akarudi kwenye msumeno na randa. Wiki moja kabla ya kusafiri, mama alinishika mkono tukaenda kwake.

"Mwalimu, huyu ni Akinyi wangu. Jumamosi nyumba huwa tupu. Mfundishe kitu."

"Kitu gani?"

"Chochote unachojua."

Mzee alinitazama vidole, wala si uso. "Jumamosi saa nne," akasema, akarudi kwenye kazi yake. Niliona kama nimepimwa kama mbao.

Nilibaki mtaani kwetu, Makina, na Anti Mercy, dadake mama. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alisuka watu nywele kutoka asubuhi mpaka jioni, na alipofika nyumbani vidole vilikuwa vimekufa ganzi na maneno yote yameishia kwa wateja. Tulikula tukitazama runinga. Kuna siku nilipanda kitandani nikagundua kwamba tangu niamke hakuna mtu aliyetaja jina langu. Shuleni mwalimu alikuwa ameita tu, "Wewe wa nyuma."

Kwa hiyo nilizipenda Jumamosi, japo nilizipenda kwa kununa. Nilitoka Makina kwa miguu, nikapita katikati ya soko la mitumba la Toi, nikaifuata Ngong Road mpaka Dagoretti Corner, halafu nikashuka na Naivasha Road hadi Kongo. Saa nzima ya kutembea, na njia yote niliongea na mama kimoyomoyo, nikimweleza nguo nilizoziona na mbwa gani amelala wapi. Karakana ya Mwalimu ilikuwa wazi kwa mbele, imetazamana na bomba ambapo akina mama walifulia. Mimi nilikaa juu ya fremu ya kochi isiyo na godoro, yeye akakaa juu ya gunia la sponji, na gitaa likawa katikati yetu, jeusi, kifua kipana, limekwaruzwa mahali mkono wake ulipopita miaka yote hiyo.

Alinifundisha kodi, yaani vidole vitatu au vinne vikibonyeza nyuzi kwa wakati mmoja. Nilicheka nilipolisikia neno hilo mara ya kwanza, kwa sababu nyumbani kodi ilikuwa ya landilodi. Hizi za Mwalimu hazikufanana na zile za kwaya ya kanisa. Zilikuwa na huzuni ndani yake, kama mtu anayetabasamu huku anataka kulia. Nilibonyeza mpaka ncha za vidole zikachubuka, na Mwalimu akaniambia niziloweke kwenye maji ya chumvi.

Kwa kuwa sikuwa na gitaa nyumbani, alinikatia kipande cha mbao urefu wa mkono wangu, akakichorea nyuzi sita kwa biro. "Fanya na hii mpaka Jumamosi." Basi jioni nilikaa mlangoni pa nyumba yetu nikibonyeza mbao isiyotoa sauti. Watoto wa ploti walikuja kuniangalia. "Oyaa, kujeni muone!" akapaza sauti msichana mmoja wa nyumba ya pili. "Akinyi anacheza mbao!" Wakasikiliza, hawakusikia kitu, wakacheka, wakaenda kuruka kamba. Mimi nilizisikia zile kodi vizuri kabisa. Lakini nilizisikia peke yangu, na kitu kizuri unachokisikia peke yako kinaweza kukufanya ujihisi mgonjwa.

Miezi sita ilipita hivyo. Mama alipiga simu mara chache, haraka haraka, na kila mara aliuliza, "Umejua wimbo?" Nikasema bado. Kwa kweli sikujua hata mmoja. Kila kitu Mwalimu alichonifundisha kilikuwa cha nyuma, kile kinachopigwa wakati mwingine anaimba. Nilianza kuhisi nimedanganywa. Jumamosi moja nikaweka gitaa chini.

"Mwalimu, nifundishe wimbo wenyewe."

"Huu ndio wimbo."

"Hii si wimbo. Hata watoto wa kwetu wanajua hii si wimbo. Mama akipiga simu nitamchezea nini?"

Hakukasirika. Alichukua gitaa, akapiga kodi moja, akanyamaza, akapiga nyingine mbali kidogo. "Unasikia hapa katikati? Hapa si pako. Wewe mtoto unataka kujaza barabara yote. Sasa mwenye wimbo atapita wapi?"

Nilitaka kumwambia kwamba hakuna mwenye wimbo. Kulikuwa na mimi, yeye, na akina mama wanaofua. Lakini nilikuwa nimelelewa kutomjibu mtu mzima, kwa hiyo nikalia. Mwalimu akangoja. Nilipomaliza, alichomoa simu mfukoni akamwandikia mama ujumbe, akiandika kwa kidole kimoja, polepole sana, kwamba Jumamosi ijayo ampigie simu ya video saa nne unusu kama anaweza.

Mama alipiga saa tano kasorobo. Wenye nyumba walikuwa wametoka, alisema, lakini wangerudi wakati wowote. Uso wake ulionekana kwenye kioo cha simu umekonda, kilemba kimeshuka mpaka kwenye nyusi, na nyuma yake ukuta wa jiko mweupe kama wa hospitali. Mwalimu aliegemeza simu kwenye mkono wa kochi. "Mchezee," akasema, akatoka nje akasimama na mgongo wake kwetu.

Nikacheza. Kodi nne, zikizunguka, na nafasi katikati kama nilivyofunzwa. Nilipofika mzunguko wa pili nilikuwa na aibu tele, nikijua ataniuliza wimbo uko wapi. Hakuuliza. Alianza kuimba. Hayakuwa maneno, ilikuwa ile sauti ya chini aliyokuwa akiitoa zamani akiwa kwenye cherehani, mguu ukiendelea na kazi. Ilikaa juu ya kodi zangu kama iliyokatwa kwa kipimo chake.

Ila mtandao ulikuwa mbaya. Sauti yake ilinifikia imechelewa, nami nikapunguza mwendo nimngoje. Nayo yangu ilimfikia imechelewa, naye akapunguza aningoje mimi. Tukazidi kurudi nyuma, kila mmoja akimwachia mwenzake, mpaka tukawa karibu tumesimama kabisa. Halafu mama akageuza kichwa ghafla kama aliyesikia mlango, na kioo kikawa cheusi.

Mwalimu alirudi ndani. "Ulimngoja?"

"Nilimngoja."

"Basi, umejifunza leo." Akaniwekea chai.

Nilidhani ananifariji tu. Niliona siku ile kama siku niliyoharibu, na niliapa mama akirudi atanikuta najua kila kitu.

Alirudi baada ya miaka minne. Nilikuwa na miaka kumi na nne, na gitaa langu mwenyewe la mitumba, na simu iliyojaa video za wapigaji wenye kasi ya ajabu. Mwalimu alikuwa tayari amehamia kwao Machakos, kifua kikimsumbua. Jioni ya pili nikamkalisha mama kwenye kiti nikamchezea. Nilipanda na kushuka shingo yote ya gitaa, nikatia kila nilichokijua, sikuacha mwanya hata wa kupitisha sindano. Mama alisikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Umejua sana," akasema.

Hakuimba. Hakuimba siku ile wala mwezi ule, na hakuwahi kusema lolote kuhusu nyumba aliyotoka. Nilifikiri hakupenda nilichopiga, au kwamba Saudia ilimnyang'anya sauti. Tuliishi chumba kimoja kama wapangaji wawili wanaoheshimiana. Alinipikia, nikamshukuru.

Nilikuwa mtu mzima, nikipiga na bendi ndogo ya mjini, ndipo mwimbaji mmoja aliponigeukia katikati ya mazoezi akaniambia mbele ya wenzetu, "Akinyi, please, unanimaliza hewa. Niachie mahali pa kuingilia." Wengine walicheka. Mimi nilikwenda nje nikakaa kwenye ngazi. Nilikuwa nikimsikia Mwalimu, na nilikuwa namwona mama kwenye kile kiti, mikono mapajani, akitafuta mahali pa kuingilia na asipaone.

Desemba iliyopita nilimtembelea mama nyumbani, Siaya, ambako sasa analima. Baada ya chakula nilichukua gitaa nikapiga kodi moja, nikaiacha ife yenyewe. Nikapiga ya pili. Vidole viliniwasha kutaka kuongeza, nikavizuia. Ilikuwa vigumu kuliko kitu chochote nilichowahi kupiga. Kuku walipita mlangoni. Nikapiga ya tatu.

Mama hakuimba. Alikunja leso yake mara mbili, akaikunjua, akaiweka magotini.

"Lile jiko la kule," akasema, "halikuwa na dirisha."

Nikashusha mkono kwenye nyuzi, polepole, nikamsikiliza.