Aya ya Laini ya Saba

Jumamosi, tarehe 11 Oktoba. Mawingu yamekaa juu ya vilima vya Iveti tangu asubuhi bila kutoa tone, na upepo umejaza vumbi hata kwenye kibodi hii aliyoninunulia mwanangu Kyalo. Siku niliyoanza kazi ilikuwa kinyume kabisa: Julai, baridi ya kukata masikio, na ukungu mzito mpaka nikapita lango la ofisi bila kuliona, ikabidi nirudi. Naandika habari za kazi hiyo kwa sababu vijana huniuliza, ingawa sina hakika kama mimi ndiye wa kuulizwa. Niliishia kidato cha pili.

Lilikuwa shirika la maji, makao yake makuu Nairobi, na mimi nilipelekwa chumba cha kutoboa kadi. Kadi ilikuwa karatasi ngumu, ndefu kama bahasha. Matundu yake yalisimama badala ya herufi na tarakimu, na kompyuta, iliyokaa peke yake kwenye chumba cha baridi kama maiti wa heshima, iliyasoma. Msimamizi wa Kutoboa alikuwa mama mrefu mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Nilimwuliza kadi yangu ya kwanza inasema nini. Akanitazama juu ya miwani.

"Msichana, hapa hatufikirii. Hapa tunatoboa."

Alikuwa na haki yake. Anayefikiria anatoboa polepole, na kadi moja mbovu inawasimamisha wenzake wote. Nikatoboa. Lakini swali lilinikaa kooni, na siku moja nikamkabili Mkuu wa Programu nalo kwenye ngazi. Programu, kwa asiyejua, ni maagizo ambayo kompyuta inayafuata moja baada ya jingine. Mkuu alikuwa mtu wa maneno machache, tai yake fupi kila siku. Alisimama, akaichukua kadi, akaisoma kwa sauti kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Kumbe ilikuwa sentensi!

Hivyo ndivyo nilivyokutana na COBOL. Hiyo ni lugha ya kuandikia programu, ya zamani hata wakati ule. Maagizo yake ni maneno mazima: soma, hamisha, jumlisha, fanya. Sentensi hukusanywa katika aya, kila aya ina jina lake, na sentensi inafungwa kwa nukta. Ukiisahau nukta, agizo linaendelea kumeza maagizo yanayofuata, kama mgeni asiyejua kuaga. Mkuu alinifundisha wakati wa chakula cha mchana. Msimamizi wa Kutoboa alinuna, kisha akaniazima koti lake, maana chumba cha kompyuta kilikuwa baridi kweli.

Mashine ndogo zilipoanza kupelekwa nje ya Nairobi, Mkuu alihamishiwa Machakos, na mimi nikaletwa chini yake, nyumbani kwetu. Hapa maji hayajawahi kututosha. Kazi yetu kubwa ilikuwa programu ya mgao: kila wiki ilipiga chapa ratiba, laini gani ya mabomba ifunguliwe siku gani na saa gani, na fundi wa valvu akaichukua na kwenda kuzungusha ufunguo wake mkubwa mtaa hadi mtaa. Mkuu aliiandika. Alipostaafu nikaachiwa mimi. Kila mashine ilipobadilishwa niliihamisha programu ile yote, aya kwa aya, mpaka nami nikastaafu na kupewa saa ya ukutani.

Sasa niseme ya mtandao.

Kyalo aliniingiza kwenye kundi moja la waandishi wa programu ili nisikae kimya nyumbani. Nilikuta COBOL ndiyo kichekesho chao cha kila siku. Mimi nikaitetea. Nilisema inasomeka hata na mtu wa kidato cha pili. Wakasema ni ndefu, kazi ya mistari mitatu inajaza ukurasa, na wanaoijua wanazeeka. Hayo yote ni kweli, na niliwajibu kama kwamba si kweli. Wengine waliniita Nyanya wa Kabla ya Gharika. Wengine waliniita Malkia. Sijui kipi kilinivimbisha zaidi.

Mwezi uliopita akaja Mwende. Huyu ni binti aliyepewa kazi ya kuandika programu mpya ya mgao kwa lugha ya kisasa. Si wa ukoo wetu lakini ananiita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba. Alivua viatu mlangoni, akafungua kompyuta yake mezani kabla sijamwaga chai.

"Susu, niko na shida na aya moja tu. Ya Laini ya Saba."

Niliijua kwa macho. Ilisema ikiwa laini ni ya saba, siku ya kufungua iwe Alhamisi na saa iwe mchana. Laini nyingine zote zilifunguliwa alfajiri, siku yoyote zamu ikifika. Ya Saba, inayopanda kijiji cha juu mlimani, haikufunguliwa ila Alhamisi mchana.

"Kwa nini?" Mwende akauliza.

Aya ile nilikuwa nimeibeba kutoka mashine hadi mashine kama mtoto wa jirani, na sikumjua mama yake.

"Meneja amesema kanuni isiyo na sababu inafutwa," Mwende akasema. "Tunaanza na programu mpya Jumatatu ya wiki ijayo. Nikiifuta na kumbe kuna watu wanaitegemea, watakauka. Na watakaokauka watasema ni Mwende."

Nikaipiga picha ile aya, nikaipeleka mtandaoni. Niliuliza waziwazi: kuna anayejua kwa nini mtu aandike hivi? Hadi jioni majibu yalikuwa marefu kuliko orodha ya harambee. Upande mmoja ulisema hiyo ndiyo takataka ya COBOL. Upande mwingine ulisema vijana hawana adabu. Nami nikawa natupia kuni huku na huku, maharagwe yakaungua jikoni na Kyalo ndiye aliyenusa moshi. Hakuna aliyeuliza Laini ya Saba inakwenda wapi. Nilipotazama vizuri, hata mimi nilikuwa nimeacha kuuliza.

Lakini lazima niwe mkweli. Kijana mmoja nisiyemjua aliandika maneno mawili katikati ya kelele: "Mwulize aliyeiandika." Hilo ndilo jibu lililonisaidia, na lilitoka huko huko mtandaoni. Nikamshukuru, nikaaga kundi, nikaifuta na programu yao kwenye simu yangu. Sikukasirika. Niliona tu kwamba nikiwa mle ndani ninajibu, na mimi nilikuwa na swali.

Kesho yake nikaenda Masinga. Mkuu wa Programu anafuga mbuzi karibu na bwawa, na tai hana tena. Alinitambua kwa sauti.

"Wewe bado unauliza matundu?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka mbuzi wakageuka.

"Wale wanawake wa juu! Mtaro wa laini ile waliuchimba wenyewe, kwa mwethya." Mwethya ni ule umoja wetu wa kufanya kazi pamoja, kuchimba matuta na vibwawa, shamba la huyu leo na la yule kesho. "Siku yao ilikuwa Alhamisi. Nikawauliza maji mnayataka lini. Wakasema siku ambayo wote tuko hapa, lakini mchana, tukishaweka majembe chini."

"Mbona hukuandika sababu? Kinyota kimoja safu ya saba, kompyuta iuruke mstari, na maelezo mbele yake, si wewe ulinifundisha?"

Mkuu alikuna kidevu. "Mama Kyalo, ningewezaje kujua kuna mtu atasahau siku ya mwethya?"

Nilirudi na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Nikamwambia Mwende, weka aya kama ilivyo. Yeye ndiye aliyesema, polepole, akiogopa kunivunjia heshima: "Susu, na kama siku yenyewe imebadilika?" Swali hilo mimi halikunijia.

Tukapanda juu kwa boda boda mbili. Mwenyekiti wa mwethya, Mama Ndinda, tulimkuta uani ameinama kati ya mitungi ya njano, mingi kuliko ya nyumba moja.

"Alhamisi?" akasema. "Alhamisi nani yuko? Wasichana wote wako viwandani Mavoko. Mwethya siku hizi ni Jumamosi."

"Na maji ya Alhamisi yanakingwa na nani?" Mwende akauliza.

"Mimi. Ya majirani wote. Ulizeni mgongo huu."

"Miaka yote hiyo, mama, kwa nini hamkuja kutuambia?"

"Tuwaambie nini? Tulijua mna sababu yenu. Watu wa kompyuta si watu wa kufanya mambo ovyo."

"Na sisi," nikasema, "tulidhani sababu iko kwenu."

Mama Ndinda aliketi juu ya mtungi. "Aiya! Kumbe tumeheshimiana mpaka tukaumizana."

Mwende aliandika pale pale, kompyuta juu ya magoti. Kwanza aliandika sababu, kwa Kiswahili: nani alichimba, siku gani wanakutana, nani wa kuulizwa ikibadilika. Chini yake kanuni: Jumamosi mchana. Ilikuwa mistari minne. Yetu ilikuwa kumi na mmoja, lazima niseme. Meneja alisoma, akaikubali.

Jumatatu wiki hii wameizima programu ya zamani. Mwende alinialika nije kutazama. Nilifikiri nitalia, nikabeba leso. Badala yake nilikaa nikijiuliza hii mpya nayo imebeba nini ambacho hakuna anayekijua. COBOL bado naitetea kwa yeyote atakayekuja kuniuliza, akivua viatu au asivue. Ni lugha iliyonipokea. Lakini haikunizuia kusahau, na sidhani iko itakayomzuia Mwende.

Leo ndiyo Jumamosi ya kwanza. Mchana nilitazama simu mara nyingi kuliko nilivyozoea, nikaogopa fundi wa valvu ameshika njia yake ya Alhamisi kwa mazoea. Saa kumi hivi kijana wa boda boda akasimama langoni na furushi la kunde, majani bado yanadondosha maji. "Mama Ndinda anasema leo kila mtu amejikingia," akasema. "Yeye alikuwa ameketi."

Mwende amekuja, Kyalo yuko. Jioni tumekula muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, kwa kunde za Laini ya Saba, na safari hii sikuunguza kitu.